Namba Inayokatwa Mkia

Jumanne ya wiki yake ya mwisho kazini, shangazi yangu aliingia chumba cha msahihishaji, akaweka mezani kipande cha karatasi, kisha akasimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake. Kwenye karatasi alikuwa ameandika mistari miwili:

73939133
Ikate mkia mara nyingi uwezavyo, haigawanyiki. Hakuna ndefu kuliko hii.

"Hayo ndiyo maneno yangu ya kalenda," alisema.

Kiwanda kile kidogo cha uchapaji kilikuwa na utaratibu wake. Kila mwisho wa mwaka kilichapa kalenda ya ukutani kwa ajili ya wateja, na chini ya Desemba iliachwa nafasi ya upana wa vidole viwili kwa mfanyakazi anayestaafu. Humo aliandika atakacho. Mmoja aliwahi kumshukuru mkewe. Mwingine aliwaaga maadui zake kwa jumla, bila kuwataja, ili kila mmoja ajijue. Mwaka usio na mstaafu, nafasi ilipewa duka la viatu la jirani.

Kwa miaka thelathini na moja shangazi alikuwa amechapa namba za watu wengine: risiti, tiketi, hati za mizigo. Katika makaratasi yote hayo hapakuwa na hata nukta moja iliyokuwa yake. Vile vidole viwili chini ya Desemba alivitaka kwa moyo wote.

Msahihishaji, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Nukta, aliisoma karatasi mara tatu. Alikuwa mtu wa kalamu nyekundu na miwani iliyofungwa kwa uzi, na sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kupitisha kosa tangu aajiriwe.

"Ikate mkia, nimeelewa," alisema. "Naondoa tarakimu ya mwisho, inabaki 7393913. Naondoa tena, 739391. Tena na tena mpaka ibaki saba peke yake. Na zote hizo hazigawanyiki?"

"Hata moja."

"Hilo naweza kulipima mwenyewe. Lakini hapa mwisho umesema 'hakuna ndefu kuliko hii'. Hakuna wapi? Kiwandani? Mtaani?"

"Duniani, mzee wangu."

"Dunia yote umeizunguka?"

"Nimeizunguka kwa penseli."

"Basi niletee ilikopita hiyo penseli. Mimi sichapi 'hakuna' bila ushahidi. Tukichapa kwamba hakuna, kesho akaja mtu nayo mkononi, aibu itakuwa ya nani? Mtambo unawashwa Ijumaa saa sita mchana. Ukishindwa kunionyesha, nafasi ni ya viatu."

Shangazi hakukasirika. Aliniambia baadaye kwamba moyo ulimdunda kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa ameomba kuliona daftari lake.

Hapa inabidi nieleze daftari hilo lilitoka wapi.

Shuleni tunafundishwa kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Shangazi, ambaye shule aliiacha mapema, hakulipenda neno hilo. Alisema namba isiyovunjika haijapungukiwa kitu, kwa hiyo yeye aliziita mawe. Saba ni jiwe. Tisa si jiwe. Ukiigonga kwa tatu inapasuka vipande vitatu vilivyo sawa.

Kazi yake ilikuwa mashine ya kupigia namba. Ni kijisanduku cha chuma chenye magurudumu madogo manane, kila gurudumu na tarakimu zake kuanzia sifuri hadi tisa. Kila kikigonga karatasi, namba hupanda. Karatasi moja ilibeba risiti mbili, ya kushoto na ya kulia, hivyo palikuwa na mashine mbili na wanawake wawili. Ya kushoto ilipiga witiri: moja, tatu, tano, saba. Ya kulia ilipiga shufwa: mbili, nne, sita, nane. Shangazi alikaa kushoto. Kwa hiyo aliitwa Witiri, na mwenzake wa kulia aliitwa Shufwa, na majina hayo yaliwaganda hata nyumbani kwao.

Kukaa mbele ya namba zinazopanda siku nzima kunaweza kumchosha mtu au kumfungua macho. Shangazi alianza kuzigonga moja moja kichwani, hii ni jiwe, hii si jiwe. Siku moja mteja alirudisha kitabu akilalamika kwamba wino umemeza tarakimu ya mwisho. Risiti ilikuwa namba 7393, lakini iliyosomeka ilikuwa 739. Shangazi alijua kwamba 7393 ni jiwe. Alipoitazama 739, nayo ilikuwa jiwe. Akaiziba tisa kwa kidole gumba: 73, jiwe. Akaziba tatu: 7, jiwe.

"Nilisahau kumwomba radhi mteja," aliniambia.

Kuanzia siku hiyo aligeuza safari. Badala ya kukata mkia, akawa anaunga. Unachukua tarakimu ambayo ni jiwe, unaiongezea nyingine kuliani, unaipima. Ikipasuka, tawi limekufa. Isipopasuka, unaunga tena. Mkia hauwezi kuwa sifuri, mbili, nne, sita wala nane, maana namba itagawanyika kwa mbili. Wala tano, maana itagawanyika kwa tano. Zinabaki moja, tatu, saba na tisa tu. Aligundua pia mahali pa kusimama: jibu likishakuwa dogo kuliko kile unachogawia, umemaliza, kwa sababu kuendelea ni kuingia nyumba ile ile kwa mlango wa uani. Hata hivyo, kuihakikisha 73939133 kulimtaka agawanye zaidi ya mara elfu moja. Alifanya tano kila mapumziko ya chai, karibu mwaka mzima. Kazi yote ilichukua miaka tisa. Hatimaye matawi yote yakafa, na hili likabaki limesimama juu kuliko mengine, tarakimu nane kamili, sawasawa na magurudumu ya mashine yake.

Jumatano asubuhi daftari lilikuwa mezani kwa Mzee Nukta, naye alilifuata ukurasa kwa ukurasa, kalamu nyekundu ikiwa angani bila kutua. Shufwa aliingia kuchukua karatasi zake zilizosahihishwa. Alichungulia juu ya bega la mzee.

"Miti mitatu," alisema. "Unaoanza na tatu, na tano, na saba. Na wangu uko wapi, shoga?"

"Wako upi?"

"Mbili. Mbili inagawanyika kwa nini?"

Shangazi alinyoosha mkono kuelekea daftari lake.

"Kwa moja na yenyewe," Shufwa alijijibu. "Basi ni jiwe kama hizo zako. Umeiacha nje kwenye mvua."

"Mbili haiwezi kuwa mkia."

"Nani kasema mkia? Ikae kichwani. Ishirini na tatu inagawanyika? Ishirini na tisa je?"

Mzee Nukta alivua miwani. Shangazi alivuta kiti akakaa, akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekuta miwani aliyoitafuta iko kwenye paji la uso wake. Miaka thelathini na moja jicho lake lilikuwa limezoezwa kuruka shufwa. Kila kilichoanzia mbili kilikuwa mali ya mashine ya kulia, na kwa heshima ya kazi hakuwahi kukigusa. Alikuwa ameitumia mbili kugawanya wengine, lakini kuipandisha kichwani hakuwahi hata kuwaza.

"Sasa hali ikoje?" aliuliza Mzee Nukta.

"Hali ni kwamba simjui mtu wa nyumba ya jirani," alisema shangazi. "Mti wa mbili ukifika tarakimu tisa, namba yangu si ndefu kuliko zote, na mimi ni mwongo chini ya Desemba."

"Una mpaka kesho kutwa, saa sita."

"Nakusaidia," alisema Shufwa. "Lakini tuelewane, dada. Mimi naomba isimame. Nataka ya shufwa iishinde ya witiri angalau mara moja kabla hujaondoka."

"Omba tu. Penseli haisikii dua."

Walikaa kwenye meza ya kupangia karatasi, kati ya mashine zao mbili, na kila baada ya saa moja ya kazi waliiba dakika kumi. Mwanzoni shangazi aliogopa, maana kila hatua ilikuwa na mikia minne ya kujaribu. Kisha, Jumatano hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana, aliweka penseli chini.

"Shufwa, jumlisha tarakimu za 23."

"Tano."

"Ongeza mkia wa moja."

"Sita."

"Sita inaingia tatu, yaani inagawanyika kwa tatu bila baki. Na namba ambayo jumla ya tarakimu zake inaingia tatu, yenyewe inaingia tatu. Sasa ongeza mkia wa saba."

"Tano na saba, kumi na mbili. Nayo inaingia." Shufwa alikunja uso. "Na 29?"

"Kumi na moja. Ukiongeza moja, kumi na mbili. Ukiongeza saba, kumi na nane. Tatu inazipasua zote mbili. Ukiongeza tatu au tisa, jumla haibadiliki mbele ya tatu, inabaki na baki lile lile. Mbili yako, tangu inazaliwa, haipokei mkia wa moja wala wa saba. Ni tatu na tisa tu, mpaka mwisho wa dunia."

Waliangaliana. Nusu ya mti ilikuwa imeanguka bila kuguswa na shoka.

"Kumbe binti yangu ana masharti," alisema Shufwa, kwa fahari kabisa.

Kutoka hapo kazi ilikimbia. Mkata karatasi aliwaletea vipande vya karatasi nyeupe kutoka kwenye mashine yake, rundo zima, akakataa kuondoka mpaka aelezwe, na alipoelezwa akapewa 2933, akarudi baada ya dakika tano akitembea kama bwana harusi: "Imepasuka kwa saba." Ofisini kwa bosi palikuwa na kikokotoo, na kwa tarakimu nane za kwanza kiliwasaidia sana. Alhamisi jioni matawi ya mbili yalikuwa yamekufa yote isipokuwa mawili, yaliyofika tarakimu nane yakiwa hayajapasuka: 23399339 na 29399999. Kila moja lingeweza kupata mkia wa tatu au wa tisa. Zilibaki namba nne za tarakimu tisa. Zikivunjika zote, shangazi amesema kweli. Ikibaki moja isiyovunjika, nafasi ni ya viatu.

Na kikokotoo cha bosi kilikuwa na nafasi ya tarakimu nane tu.

"Kimeishia mlangoni," alisema shangazi. "Kuanzia hapa ni penseli."

Ijumaa saa mbili asubuhi waliandika zile nne kwenye karatasi kubwa, wakaibandika ukutani:

293999993
293999999
233993393
233993399

Kwa namba za ukubwa huo, ubaya wake ni kwamba hujui utagawanya mpaka wapi. Inaweza kupasuka kwenye saba. Inaweza pia kukupeleka hata kupita elfu kumi na tano bila kupasuka, na hiyo ni kazi ya miezi, si ya saa nne.

Shangazi aliitazama ya kwanza, akasogea, akaitazama tena, kisha akachora mstari juu yake bila kuandika hesabu yoyote.

"Wewe, subiri," alisema Mzee Nukta, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amehamisha kiti chake kuja kukaa nao. "Umeipima saa ngapi?"

"Iongeze saba, mzee wangu, inakuwa milioni mia mbili tisini na nne kamili. Mia mbili tisini na nne ni saba mara arobaini na mbili. Kinachoingia saba, ukikipunguzia saba, bado kinaingia saba."

Mzee Nukta alipiga hesabu hiyo pembeni ya gazeti, akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Mkata karatasi alisema amewahi kumwona mzee akiweka vema mara mbili tu, na moja ilikuwa kwa bahati mbaya.

Ya pili ilipasuka kwa ishirini na tisa kabla ya saa tatu. Zikabaki mbili. Shangazi alichukua ile inayoishia na tisa, Shufwa akachukua inayoishia na tatu. Wakagawanya. Thelathini na moja, baki. Thelathini na saba, baki. Meza ilijaa makaratasi, bosi alipita akiuliza nani anapiga namba za tiketi, akaambiwa zimekwisha tangu jana, akaangalia ukuta, naye akakaa. Saa nne walikuwa kwenye tisini. Saa nne na nusu wakavuka mia.

"Mia moja na saba," alisema Shufwa.

"Baki?"

"Kumi na tano. Binti anasimama, dada. Nilikwambia."

Saa tano na dakika chache shangazi aligawanya 233993399 kwa mia moja sabini na tatu. Alishusha tarakimu ya mwisho, akatoa, akapata sifuri. Alizidisha kurudi nyuma ili kuhakikisha, midomo ikicheza: 1352563 mara 173. Ikarudi nzima.

"Imekwenda," alisema. Mkata karatasi alipiga meza kwa kiganja mpaka penseli zikaruka.

Ikabaki moja. Saa tano na robo. Shangazi aligeuka kumtazama Shufwa ili wagawane namba za kugawia zilizobaki, akamkuta amesimamisha penseli. Hakuwa anaandika. Alikuwa akiitazama karatasi yake, mkono mmoja umefunika sehemu ya chini, kama mtu anavyofunika karata.

"Umefika wapi?" shangazi aliuliza.

Shufwa alizidi kubonyeza kiganja juu ya karatasi.

Aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, kilichompitia moyoni wakati ule. Alikuwa amekaa kulia kwa miaka ishirini na sita. Namba ya kwanza katika kila kitabu ilikuwa ya kushoto. Namba mbili yake ilikuwa ya pili siku zote. Sasa ilikuwa imebaki peke yake ukutani, ndefu kuliko zote, na watu watano wakiitazama. Kama angesema "baki" na kuendelea mbele, hakuna ambaye angerudi nyuma kuangalia. Saa sita ingefika, na namba yake ingebaki imesimama milele.

Aliondoa mkono.

"Mia moja tisini na tatu," alisema. "Imeingia. Nimezidisha mara mbili ili nisimsingizie binti. 1212401 mara 193."

Mzee Nukta aliivuta karatasi, akazidisha mwenyewe kwa mara ya tatu. Kila mtu alisikia kalamu ikikwaruza. Kisha akaandika vema.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema Shufwa, akajipangusa uso kwa pindo la kanga. "Lakini amefika mbali, mtoto wangu. Tarakimu nane, sawa na wako."

Shangazi alimkumbatia palepale, penseli bado mkononi, akamchafua mgongo kwa risasi ya penseli.

"Saa sita kasorobo," alisema bosi. "Tuchape au tusichape?"

"Bado kosa moja," alisema Mzee Nukta. Aliichukua ile karatasi ya Jumanne, na chini ya mistari miwili akaongeza wa tatu kwa mkono wake: *Wamehakikisha Witiri na Shufwa.* Halafu akaandika neno ambalo huliandika kwenye kila kazi iliyopita mikononi mwake: *Chapa.*

Shangazi aliomba jambo moja la mwisho, kwamba namba isipangwe kwa herufi za kawaida, ipigwe na mashine yake. Alizungusha magurudumu manane mwenyewe, moja moja, saba, tatu, tisa, tatu, tisa, moja, tatu, tatu. Mtambo ukawashwa. Karatasi ya kwanza ikatoka, safi. Ya pili ikatoka, Mzee Nukta akaidaka.

"Simamisheni," alisema. "Hii inaishia na tano."

Mashine ilikuwa imefanya ilichofanya kwa miaka thelathini na moja. Ilikuwa imeruka mbili, ikapiga 73939135, namba ambayo hata mtoto wa chekechea wa hesabu angeipasua.

Waliangua kicheko mpaka bosi akashika ukuta. Kisha Shufwa akaleta uzi wa kushonea vitabu, akainama kushoto, upande ambao hakuwahi kuugusa, akakifunga kile kijino cha chuma kinachosukuma magurudumu. Alikaza fundo, akalijaribu kwa kucha.

"Endesha," alimwambia shangazi.

Na mashine ya witiri, siku yake ya mwisho mikononi mwa mwenyewe, ilipiga namba moja ileile mara elfu tatu bila kuruka.